Kisiwa ambako mtoto wa miaka 15 alisomea kwa posta

Katika miaka ya 1960, mtoto mwenye umri wa kati ya miaka miwili na 16 hakuruhusiwa kwenda Kisiwa cha Robben kumtembelea baba yake aliyefungwa huko. Nelson Mandela alikaa miaka mingi bila kuwaona wanawe wadogo kwa sababu ya sheria hiyo. Lakini sheria ilihusu wageni tu. Mwaka 1963 kijana wa Pretoria aitwaye Dikgang Moseneke alikamatwa akiwa na miaka 15, bado mwanafunzi, kwa shughuli za kupinga ubaguzi wa rangi akiwa na chama cha PAC. Alihukumiwa miaka 10 na kupelekwa kisiwani. Kama angekwenda kumsalimia mzazi wake, wangemrudisha kutoka bandarini. Kwenda kufungwa, umri wake ulitosha.

Mzazi mwenzangu, wengi tunaposikia Kisiwa cha Robben tunamfikiria Mandela, na ni haki yake. Mimi nilipofika huko niliondoka na habari za huyu mtoto, kwa sababu niliyekuwa naye safarini ni dada yangu, na dada yangu ana kijana ambaye naye alishikwa akiwa na miaka 15. Nitafika huko.

Tulikuwa Cape Town kwa harusi ya binamu yetu. Siku moja kabla ya kurudi Dar es Salaam tukakata tiketi za boti. Boti zinaondokea eneo la bandari liitwalo V&A Waterfront, penye maduka, mikahawa na watalii wenye kamera. Ziara nzima huchukua kama saa nne, maji na kisiwa pamoja. Upepo ukiwa mkali safari hufutwa, kwa hiyo kama unapanga kwenda na watoto, usiiweke siku ya mwisho kama tulivyofanya sisi. Kisiwa kiko kama kilomita 11 kutoka bandarini. Ukigeuka nyuma unaona Mlima Meza umekaa juu ya mji, mweupe kwa mawingu. Wafungwa waliuona mlima huo huo kila siku, na nadhani hiyo nayo ilikuwa adhabu.

Jina la kisiwa ni la Kidachi, lenye maana ya sili, wanyama wa baharini. Kabla ya wafungwa wa kisiasa waliwekwa hapo wagonjwa wa ukoma, kuanzia 1846 hadi 1931, na makaburi yao bado yapo njiani. Basi linakuzungusha kwanza: pengwini wanavuka barabara bila haraka, kobe, kanisa, machimbo ya chokaa. Kwenye lango la machimbo kuna rundo la mawe. Wafungwa wa zamani waliporudi kukutana hapo mwaka 1995, kila mmoja aliweka jiwe lake.

Basi linasimama pia mbele ya nyumba ndogo ya Robert Sobukwe, kiongozi wa PAC. Yeye alimaliza kifungo chake mwaka 1963, lakini Bunge lilipitisha kifungu cha sheria cha kumshikilia bila kesi, na kifungu hicho kikahuishwa kila mwaka hadi 1969. Alikaa peke yake humo, amekatazwa kuzungumza na wafungwa wengine. Katika upweke huo alisoma uchumi kwa posta na kupata digrii ya Chuo Kikuu cha London. Dada aliniuliza, mtu asiye na wa kuzungumza naye anasomaje? Sikuwa na jibu. Labda ndiyo sababu alisoma.

Masomo ndani ya bahasha

Gereza lenyewe linatembezwa na watu waliowahi kufungwa humo. Wanasimulia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuonyesha nyumba aliyokulia. Kwenye chumba kikubwa cha pamoja kuna ubao wa mgao wa chakula: Mhindi na Chotara walipewa hiki, Mwafrika alipewa pungufu. Hata nguo zilitofautiana. Mwafrika alipewa kaptura, awe mzee wa miaka 60 au wakili, kwa kuwa serikali ile ilimwita kila mwanamume Mwafrika "mtoto". Moseneke huenda ndiye mmoja wa wachache ambao kaptura iliwafaa kwa umri.

Sasa, shule. Humo ndani hapakuwa na darasa lililowekwa na serikali kwa ajili ya kijana kama yeye. Kilichokuwepo ni posta. Afrika Kusini ilikuwa na chuo kikuu cha UNISA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1873, na ambacho tangu 1946 kilifundisha kwa njia ya posta. Wanaofuatilia mambo ya elimu wanakitaja kuwa chuo kikuu cha kwanza cha umma duniani kufundisha kwa masafa peke yake. Mwanafunzi hutumiwa kifurushi cha maelezo, anasoma, anajibu maswali kwenye karatasi, anaituma, mwalimu asiyemjua kwa sura anasahihisha na kuirudisha. Kwa masomo ya sekondari kulikuwa na vyuo vingine vya posta. Hiyo ndiyo teknolojia ya elimu masafa ya wakati ule: bahasha, stempu na meli ya kuvusha mfuko wa barua.

Usidhani ilikuwa rahisi. Kusoma kulihesabiwa kuwa fadhila, si haki. Mfungwa aliomba kibali, na ada ilitoka kwa familia au kwa wafadhili. Vitabu vilipita kwa askari wa kukagua, vingine vikachelewa hadi vikapitwa na wakati, vingine havikufika kabisa. Kumwazima mwenzako kitabu kulikatazwa. Ukikosea jambo, hata lisilohusu masomo, kibali kilinyang'anywa. Mwaka 1977 askari walipogundua kurasa za kumbukumbu za maisha ambazo Mandela alizificha ardhini, walimfutia masomo kwa miaka minne. Yeye shahada yake ya sheria aliipata UNISA mwaka 1989, akiwa bado mfungwa, mwenye miaka 70.

Na barua za nyumbani? Mfungwa wa daraja la chini aliruhusiwa kupokea barua moja na mgeni mmoja kila baada ya miezi sita. Barua isizidi maneno 500. Hebu fikiri wewe ni mama. Una nafasi mbili kwa mwaka za kumwambia mwanao wa miaka 15 jambo. Utaandika nini kwanza, afya, dini, au asome?

Posta peke yake isingetosha. Kitu ambacho vitabu vya historia vinakitaja harakaharaka, na mimi naona ndicho kiini, ni kwamba wafungwa walifundishana. Walikuwepo walimu, mawakili na madaktari, na walikuwepo wakulima wasiojua kusoma. Wakawekeana utaratibu kwamba anayejua amfundishe asiyejua. Walifundishana wakipasua mawe, wakati wa chakula, na usiku kwenye vyumba vya pamoja. Karatasi zilipokosekana waliandika kwenye mifuko ya saruji. Wenye kibali cha kusoma waliruhusiwa kukaa macho hadi saa nne au saa tano usiku wakati wenzao wameamriwa kulala. Kisiwa kikaitwa "chuo kikuu" na watu waliokuwa wamefungwa humo.

Moseneke alimaliza sekondari humo. Akapata digrii ya UNISA ya Kiingereza na siasa, na nyingine ya sheria. Kati ya vitabu na mawe alikuwa pia mwenyekiti wa kwanza wa chama cha mpira wa miguu cha wafungwa, Makana, kilichoendesha ligi kwa kufuata kanuni za FIFA. Alitoka 1973 akiwa na miaka 25. Akawa wakili, akawa miongoni mwa walioandika katiba ya mpito ya 1993, na kuanzia 2005 hadi 2016 akawa Naibu Jaji Mkuu wa Afrika Kusini.

Hapo ndipo watu wengi hupiga makofi. Mimi nasita kidogo. Mtoto huyu hakupaswa kuwa pale, na kwa kila Moseneke wapo vijana waliotoka kisiwani na mapafu yaliyojaa vumbi na hakuna aliyewapa joho. Lakini swali lake linabaki: kitu gani kilimfanya mtoto aliyefungiwa baharini asikatike na shule, ilhali wako watoto wa leo wanaoshikwa kilomita chache kutoka shuleni kwao na kukatika kabisa?

Kuna kundi jingine tunalolijua zaidi hapa kwetu. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 16, 1976, vijana wengi walikimbia nchi. Tanzania iliipa ANC lililokuwa shamba la mkonge pale Mazimbu, Morogoro, na mwaka 1978 ikaanza shule iliyopewa baadaye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Aprili 6, 1979. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Vijana wa rika moja, kosa moja: waliovuka mpaka walipata darasa lenye ubao, waliokamatwa walipata bahasha.

Miezi saba bila daftari

Kijana wa dada yangu alikuwa kidato cha pili. Aliunganishwa kwenye kesi ya wizi pamoja na vijana wakubwa wa mtaani, akapelekwa mahabusu ya watoto. Sitaitaja ni ipi. Kesi iliahirishwa mara kwa mara, na mwishowe ikafutwa. Ilichukua miezi saba. Mtihani wa upimaji wa kidato cha pili ulipita yuko ndani.

Dada hakulalamikia chakula wala malazi. Alisema walezi walikuwa watu wazuri, waliomwita kijana wake kwa jina. Kilichomuumiza ni kwamba asubuhi ilikuwa kama jioni. Kulikuwa na televisheni. Kulikuwa na mwalimu aliyekuja alipoweza, akawafundisha wote pamoja, wa darasa la nne na wa kidato cha tatu. Dada alikuwa na masomo ya video kwenye simu yake, ya hesabu na ya fizikia, aliyoyapakua kwa bando lake mwenyewe. Simu haiingii ndani. Basi akawa anayatazama yeye usiku, anayaandika kwa mkono, na kuyapeleka siku ya kutembelea kama daftari. Mama aliyeishia darasa la saba akinakili fomula za fizikia asizozielewa.

Tulipokuwa tumesimama kwenye chumba cha pamoja kule kisiwani, na mwenyeji wetu akieleza habari za mifuko ya saruji, dada alinishika mkono. Hakusema kitu.

Kishikwambi bila mtihani ni televisheni

Turudi kwenye sheria. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zinazojulikana kama Kanuni za Havana. Zinasema mtoto wa umri wa shule aliyeshikiliwa ana haki ya elimu inayomfaa, na ikiwezekana aipate kwenye shule za kawaida nje ya kizuizi. Zinasema pia jambo ambalo kila mzazi angependa kulijua: cheti atakachopata kisionyeshe kwa namna yoyote kwamba alisomea kizuizini.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Anaweza kushikiliwa mahabusu ya watoto wakati kesi inaendelea, kama zile za Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya, au akitiwa hatiani apelekwe shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya. Kenya wana shule za kurekebisha tabia na taasisi za borstal kama Shimo la Tewa na Shikusa, ambako amri ya mahakama haizidi miaka mitatu. Miaka mitatu ni nusu ya sekondari na zaidi.

Tatizo la mahabusu ni kwamba watoto wanaingia na kutoka kila wiki, kila mmoja na darasa lake. Hakuna serikali itakayoweka mwalimu wa kila somo kwa kila darasa kwenye nyumba yenye watoto wachache. Hapo ndipo elimu masafa ina kazi hasa. Na haihitaji intaneti kuingia ndani, jambo ambalo wasimamizi wanaliogopa, na wana sababu. Kuna programu za bure, Kolibri ni mojawapo, ambazo masomo yake hupakiwa kwenye kompyuta moja ndogo, na vishikwambi vilivyomo chumbani vikasoma kutoka humo bila kutoka nje kwenye mtandao. Wa kidato cha tatu anaendelea na kemia, wa darasa la nne anaendelea na kusoma, mlezi mmoja anazunguka. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimo bure kwenye maktaba mtandao yake. Vishikwambi si vitu vigeni tena. Walimu wetu wamegawiwa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Vichache vikifika mahabusu, sidhani kama nchi itayumba.

Lakini vifaa vina mitego yake. Marekani magereza mengi yameingiza vishikwambi, na mwaka 2019 ilibainika kuwa huko West Virginia wafungwa walikuwa wakitozwa senti kadhaa kwa kila dakika ya kusoma kitabu, hata vitabu ambavyo nje ni vya bure. Polepole kusoma, deni kubwa. Mtoto anayesoma kwa kusuasua ndiye angelipa zaidi kuliko wote. Wakati wa korona, mwaka 2020, sehemu nyingi vizuizi vya watoto huko viligeukia mabunda ya karatasi za maswali yaliyosukumwa mlangoni, na mtoto asiyejua kusoma vizuri alibaki akizitazama.

Ninavyoona mimi, bahasha ya Kisiwa cha Robben ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa na watu pande mbili. Upande wa pili wa bahari alikuwepo mwalimu anayesahihisha na chuo kinachotoa cheti ambacho mwajiri yeyote alikiheshimu. Upande wa ndani alikuwepo mwenzako wa kukueleza usichoelewa. Ukimpa mtoto kishikwambi chenye video 500 bila mtu wa kusahihisha na bila mtihani mbele yake, umempa televisheni ndogo. Ndiyo maana ningependa kuona kwanza orodha ya watahiniwa, ndipo nione vifaa.

Njia ya mtihani ipo. Kwa Tanzania, asiyekuwa shuleni anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inasomesha sekondari kwa njia ya masafa, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kinapokea wanafunzi popote walipo. Kenya, wafungwa na vijana wa borstal wamekuwa wakifanya mitihani ya kitaifa kwa miaka mingi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumuunganisha mtoto na dirisha la usajili kabla halijafungwa.

Kwa hiyo, kama mwanao au wa jirani yako ameshikwa, siku ya kwanza unapokutana na afisa ustawi wa jamii uliza pia habari ya shule, usingoje kesi iishe. Mwambie yuko darasa gani na mtihani wake ni mwezi gani. Omba kijulikane shuleni kwake kwamba hajaacha shule, na nafasi yake ishikiliwe. Peleka vitabu alivyokuwa akitumia, si vipya. Uliza kama kazi za darasa zinaweza kupelekwa na kurudishwa kwa mwalimu wake zisahihishwe, hata kwa mkono wako. Wengine watakukatalia. Dada alikataliwa mara mbili, ya tatu wakamkubalia madaftari.

Kijana sasa ana miaka 17. Hakurudi kwenye shule yake. Walisema nafasi imejaa. Anasoma jioni kwenye kituo, mchana yuko na fundi wa kuchomelea, na mwaka huu ameandikishwa kufanya QT. Fizikia ndiyo inayompa shida. Video bado zimo kwenye simu ya mama yake, anazitazama usiku wakati bando ni la bei nafuu, na madaftari yale ya mahabusu anayo, yameandikwa kwa mwandiko wa dada, na mahali fulani ameandika alama ya mzizi wa pili kichwa chini.